Bao la Upande wa Ziwa

Mzee Arvid Nyholm alishamvutia kiti mara mbili, na mara zote mbili Sajini Lempi Rautio alikaa, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Miguu haikutaka kutulia. Tangu jana jioni alikuwa hivyo, mtu wa kuanza jambo na kuliacha katikati.

"Kaa basi, binti wa Toivo," mzee alisema. "Unanitia kizunguzungu. Baba yako naye alikuwa hivi hivi, hawezi kunywa kahawa bila kutembea nayo."

"Nikikaa nitasinzia, Mzee Arvid. Sijapata usingizi."

"Basi kula. Mkate wa iliki huo, nimeuoka juzi, bado laini."

Lempi alikata kipande akala kwa kusimama. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumamosi ya Novemba. Saa tisa alasiri mwendesha mashtaka wa wilaya angetia saini hati ya kumshtaki Rudy Zupan, mshambuliaji wa timu ya hoki ya Chuo cha Kettle Narrows, kijana wa miaka ishirini na mmoja, kwa kosa la kumjeruhi vibaya Profesa Milton Drury. Profesa mwenyewe alikuwa hospitalini Duluth, fuvu limepasuka, hajafumbua macho. Akifa, hati itaandikwa upya, na neno litakaloongezwa humo kila mtu mjini alishalitamka kwa kunong'ona. Mkuu wa kituo cha polisi, Kessel, alisharidhika kwamba kijana ndiye. Lempi hakuridhika, wala hakujua kwa nini, na hilo ndilo lililokuwa likimtekenya miguu.

Drury alikuwa mjumbe wa kamati inayotunga kanuni za hoki ya barafuni kwa vyuo vyote vya nchi. Kiangazi kile kamati ilizifumua kanuni kama sweta kuukuu. Kamera zikawekwa juu ya kila goli, refa akapewa skrini ya kutazamia, na waamuzi wa goli, wale wazee waliokuwa wakikaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya nyavu na swichi ya taa nyekundu mkononi, wakaambiwa asante na kwaheri. Arvid alikuwa mmoja wao, miaka ishirini na minane nyuma ya goli la upande wa reli, lile linalotazamana na goli la upande wa ziwa. Yalikuwepo na mabadiliko mengine mengi, ambayo watu waliyalaani bila kuyasoma.

Mambo ya jana yalikuwa hivi. Zikiwa zimebaki dakika nne kipindi cha tatu kiishe, Zupan alifunga bao. Refa akaenda kutazama skrini, akarudi, akalifuta: kisahani, ule mpira bapa wa hoki, kilisukumwa kwa kiatu. Zupan akapandwa na wazimu, akamtukana refa, akatolewa nje. Alipokuwa anatoka alimnyooshea Drury gongo lake la kuchezea kule jukwaani, akapaza sauti, "Wewe na kitabu chako, nitakuona!" Uwanja mzima ulisikia. Mchezo ukaisha tatu kwa tatu, ukaingia muda wa nyongeza, ambao bao la kwanza tu huumaliza, na ndani ya nyongeza hiyo, ambayo haikufika hata dakika nne, mtu alikutana na Drury kwenye ngazi za saruji chini ya jukwaa la upande wa reli. Watu wakiwa bado wanashangilia bao la ushindi, mlinzi wa mlango alimkuta chini ya ngazi.

Lempi alifungua daftari.

"Napanga watu mahali pao tu. Kila aliyekuwa na ugomvi na Profesa namuuliza swali lile lile. Na wewe ulikuwa na ugomvi naye."

"Ugomvi gani? Nilimwambia mlangoni mwa kanisa kwamba kamera haina macho, ina kioo tu. Huo ni ugomvi?"

"Ulimwambia pia aende kuzimu."

"Hilo lilikuwa baada ya ibada."

Lempi alicheka bila kupenda. "Haya. Wakati wa nyongeza wewe ulikuwa wapi?"

"Wapi tena? Upande wa reli, safu ya kwanza, nyuma ya kioo. Kibandani hawanitaki, lakini tiketi nanunua kama raia yeyote. Bao limeingia mbele ya pua yangu, Lempi! Lindgren wetu katokea kulia, kapiga, kisahani kikapita juu ya bega la kushoto la kipa. Ngo! Chuma cha ndani. Chupa ya maji ya kipa ikaruka ikamwagikia kioo changu. Nikajikuta natafuta swichi kwa dole gumba. Dole lilisahau kwamba nimeachishwa kazi."

Lempi aliandika haraka. Yeye mwenyewe alilisikiliza bao hilo kwenye redio ya gari, akiwa zamu barabara ya ziwani, na mtangazaji alisema vile vile: Lindgren, kutoka kulia, juu ya bega la kushoto. Alipolisikia alipiga usukani kwa furaha, na akilini aliliona goli la upande wa reli, nyavu zikitikisika. Aliandika: *Nyholm, safi.* Akapiga mstari chini yake.

Jiko la kuni lilikuwa linanguruma. Juu ya reli yake glavu mbili nyekundu za sufu zilikuwa zinakauka. Kwenye rafu, katikati ya makopo ya kahawa, kulikuwa na kitu cha mviringo kilichofunikwa kitambaa cha vyombo, nacho Lempi alikitazama kama unavyotazamwa mkate unaoumuka, akapita. Mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi, umewekewa kitabu ambacho bado kilikuwa ndani ya nailoni ya posta.

"Hicho si kitabu cha kanuni mpya?"

"Ndicho. Kinafanya kazi nzuri. Tangu kije, meza haitikisiki."

Alipofika mlangoni, mzee alimwita. "Yule kijana Zupan. Mnamwachia lini?"

"Kumwachia? Saa tisa anashtakiwa."

Kikombe cha mzee kilibaki hewani. "Lakini Drury akiamka si atasema mwenyewe aliyemwangusha?"

"Akiamka," Lempi alisema, akavuta mlango.

*

Zupan alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, viwiko magotini. Vifundo vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimechanika, damu imegandia.

"Mkono huo umefanya nini?"

"Nilipiga kabati."

"Lipi?"

"Langu. Namba kumi na tisa. Nenda kaangalie, limebonyea."

"Nani alikuona?"

"Nani angeniona, afande? Wenzangu wote walikuwa kwenye barafu."

"Ulimwambia Profesa utamwona."

"Na refa nilimwambia nitamnunulia mbwa wa kumwongoza njia kama kipofu. Mbona hamjaniuliza mbwa yuko wapi?"

"Usinichezee, Rudy. Saa tisa si mbali."

Kijana alishusha macho. Ujeuri wote ulimtoka. "Mama yuko njiani. Ameomba ruhusa kazini. Nimwambie nini? Ukishashtakiwa tu chuo kinakufuta, hawangoji hukumu. Kwetu hakuna aliyewahi kufika chuo. Mimi ndiye wa kwanza, na nimefika kwa sababu ya gongo la hoki."

Lempi alirudi kwenye daftari. Aligeuza ukurasa. "Ulipokuwa chumbani ulisikia nini?"

"Redio. Spika ya korido huwa inatoa matangazo ya redio, yanasikika mpaka kule kwenye ngazi za upande wa reli. Niliposikia bao nililia."

"Kwa furaha?"

"Kwa hasira! Lilitakiwa liwe langu."

"Kitu kingine?"

Alifikiri. "Mlango wa chuma, kabla ya bao. Ulifungwa kwa kishindo. Nilidhani ni stoo."

Kessel alikuwa anamngoja Lempi kwenye korido, koti mkononi. "Ana sababu, ana jeraha, hana shahidi. Unataka nini zaidi, Lempi? Nikuletee na picha yake?"

"Nataka kuliona hilo kabati."

"Saa tisa," Kessel alisema. "Mimi sipendi Jumamosi ndefu."

*

Kabati namba kumi na tisa lilikuwa limebonyea kweli, na kwenye mbonyeo kulikuwa na damu kavu na kipande cha ngozi. Lempi alipiga picha, akakwangua kidogo akatia kwenye bahasha, akaandika saa: saba na dakika kumi. Mkono umeshajieleza. Lakini kabati halimtoi mtu mahabusu; mtu anaweza kupiga kabati kisha akapiga na profesa.

Alitoka akakanyaga barafu, akitembea kwa hatua fupi fupi. Darlene Beaulieu, dereva wa gari la kulainisha barafu, alikuwa amepiga magoti mbele ya goli, anaparua kwa kisu kipana na kutukana kwa sauti ya chini. Pembeni yake kulikuwa na mapipa matatu yaliyojaa glavu za sufu za kila rangi.

"Mia tatu na kumi na mbili," alisema bila kuinua kichwa. "Nimezihesabu. Moja ina tundu! Zote wanapewa watoto wa shule wavae, halafu mtu mzima anatupa glavu yenye tundu. Watu hawana haya."

"Zingine zimeganda?"

"Sufu ikilowa inashika barafu kama gundi. Tazama hii nyekundu. Nikiiacha, gari langu litaichana." Alitema mate kando. "Lakini ndiyo desturi. Timu ikishinda kwa bao la nyongeza hapa nyumbani, hakuna mtu wa Kettle Narrows anayetoka na glavu zake. Zote zinatupwa kwenye goli lililofungwa. Ukimwona mtu katoka na glavu, huyo mgeni."

Lempi alikuwa ameshageuka aondoke. Alisimama.

"Mbona unaparua huku?"

"Niparue wapi, nyumbani kwako? Glavu zimeanguka huku."

"Lakini huku ni upande wa ziwa."

"Najua huku ni wapi, dada. Nina miaka kumi na minne kwenye gari hili."

"Bao liliingia upande wa reli."

"Nani kakwambia?"

Lempi alipekua daftari. Hakuna aliyemwambia. Mtangazaji alisema kulia na kushoto, hakutaja ziwa wala reli. Ni yeye mwenyewe aliyejichorea ile picha, kwa sababu tangu akiwa msichana wa miaka sita kwenye mapaja ya baba yake alijua kwamba kipindi cha tatu timu ya nyumbani inashambulia upande wa reli, na nyongeza inaendelea pale pale.

"Darlene. Nyongeza si inachezwa bila kubadilisha magoli?"

"Zamani hiyo! Sasa kabla ya nyongeza wanabadilishana. Kila timu inakuwa mbali na benchi lake ikilinda goli, wachezaji wanachelewa kupokezana, wanachoka, mabao yanaingia. Kazi ya huyo huyo Drury na kamati yake. Jana ndiyo mara ya kwanza hapa kwetu. Walipopishana pale katikati jukwaa zima lilizomea, mpaka nikaziba masikio."

Jukwaa zima. Kila aliyekuwa humo ndani aliliona hilo, kipofu asingelikosa. Aliyelikosa ni mtu wa redio, kama yeye Lempi kwenye gari lake. Na mtu wa redio mwingine alikuwa wapi, kama si kule kwenye ngazi, inakosikika ile spika? Lo! Alikiona kioo ambacho hakuna maji yaliyokimwagikia, akaziona glavu mbili nyekundu zikikauka juu ya reli ya jiko. Alizitazama kwa macho yake mawili na mkate wa iliki mdomoni. Alijikasirikia hadi masikio yakapata moto.

"Stoo iliyo chini ya ngazi, upande wa reli, ina nini?"

"Makoleo yangu, chumvi, na taa ya Arvid."

"Taa gani?"

"Ile nyekundu ya goli. Waliing'oa mwezi wa nane pamoja na swichi yake, hawakujua wapeleke wapi. Jana saa kumi na moja jioni nilipofuata koleo ilikuwepo, nikaifuta vumbi kidogo. Roho iliniuma."

Walikwenda pamoja. Darlene alifungua mlango wa chuma. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na duara safi katikati ya vumbi, na waya mfupi uliokatika.

"Haipo," alisema Darlene, sauti imepungua.

"Nani ana ufunguo?"

"Ofisi, mimi, na..." Alimtazama Lempi, kisha akatazama sakafu. "Hakuna aliyemwambia arudishe. Nani angethubutu kumwambia?"

*

Saa nane na robo Lempi alikuwa tena jikoni kwa Arvid Nyholm. Safari hii alivuta kiti mwenyewe akakaa, mikono juu ya meza. Mzee ndiye aliyebaki amesimama.

"Nina wajibu wa kukuambia haya kabla hujajibu," alisema Lempi, akamsomea haki zake zote, neno kwa neno, kama alivyofunzwa. "Umeelewa?"

"Nimeelewa. Mambo gani haya, binti wa Toivo?"

"Nisimulie tena lile bao."

"Si nimeshakusimulia?"

"Tena."

Mzee alilamba midomo. "Lindgren katokea kulia. Kapiga. Juu ya bega la kushoto. Chupa ikaruka..."

"Mbele yako."

"Mbele yangu."

Lempi alitoa bahasha mfukoni, akamimina juu ya meza kishungi cha sufu nyekundu kilicholowa.

"Hii imetoka kwenye barafu, Mzee Arvid, mbele ya goli la upande wa ziwa. Glavu zote ziliangukia huko. Upande wa reli hakuna hata uzi."

"Haiwezekani. Kipindi cha tatu sisi tunashambulia..."

"Walibadilishana magoli kabla ya nyongeza. Imo kwenye kitabu." Alionyesha chini kwa kidole.

Mzee aliinama akakivuta. Meza ikalala upande, kahawa ikamwagika, hakuna aliyeifuta. Alichana nailoni kwa meno, akavaa miwani, akapekua. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, kisha akarudia mwanzo. Nje gari lilipita. Lempi alilisikia mpaka likaisha.

"Ndivyo ilivyoandikwa," mzee alisema mwishowe.

"Na glavu zako hukuzitupa. Zile pale juu ya jiko."

Aligeuka akaziona, kama vile zimeanikwa pale na mtu asiyemjua. Kisha akavua miwani.

"Nilifuata taa, Lempi. Taa tu. Nilifikiri wakati wa nyongeza hakuna atakayeshuka. Nimeitoa, nimefunga mlango, napanda, namwona Drury juu ya ngazi, anakwenda kwenye chumba cha kamera. Akaniambia, 'Arvid, hiyo ni mali ya chuo.' Hakusema vibaya. Akaishika. Nami nikaivuta."

"Halafu?"

"Akaanguka. Ama aliachia mwenyewe, ama nilimsukuma. Nimekaa kitini hapa tangu jana najiuliza." Alimeza mate. "Kama ningekuwa kibandani nikaulizwa, ningesema nilimsukuma."

"Ukamwacha pale."

"Spika ikatangaza bao. Watu wakapiga kelele. Nikajisemea, sasa hivi watashuka, watamwona. Na walimwona."

"Na Zupan je?"

"Nilijua Drury ataamka aseme."

"Asipoamka?"

Mzee alikifunga kitabu. Macho yalikuwa yamejaa maji, na hakuyaficha. Lempi alitaka sana kuinuka, aende dirishani, aangalie theluji, aangalie chochote. Alijilazimisha kukaa.

"Yule kijana mama yake yuko kituoni sasa hivi," alisema. "Yeye hakuna alilofanya ila kupiga kabati lake. Miaka ishirini na minane, Mzee Arvid, uliwahi kuwasha taa kwa bao ambalo hukuliona?"

"Hata moja. Muulize yeyote."

"Leo asubuhi umewasha. Hapa hapa, mbele yangu."

Mzee alitikisika kama aliyepigwa kofi. Alikwenda kwenye rafu, akaondoa kile kitambaa, akaibeba taa kwa mikono miwili na kuiweka juu ya meza iliyolala. Ilitaka kubingirika, Lempi akaidaka. Kioo chake chekundu kilikuwa kimepasuka upande mmoja.

Alipiga simu akiwa amekaa vile vile, mkono mmoja juu ya taa. "Kessel? Mwambie mwendesha mashtaka asitie saini. Mwachie Zupan. Ndiyo, sasa hivi, na mwambie mama yake wewe mwenyewe. Nakuja na mtu." Alisikiliza kidogo. "Utamjua akifika."

Arvid alifunga matundu ya jiko, akavaa koti, akachukua glavu zake kwenye reli. Alizishika kwa muda. Kisha akaziweka juu ya meza, kando ya kile kishungi cha sufu, akatoka mikono mitupu.

Kwenye ngazi za nje alisimama. Baridi ilikuwa inang'ata.

"Lempi. Nasikia refa alikwenda kulitazama lile bao kwenye skrini kabla ya kulikubali."

"Ndiyo. Alikwenda."

"Wewe unaonaje? Lilikuwa halali?"

Lempi alikuwa na jibu la kumfurahisha, na lilishafika mdomoni.

"Sijui, Mzee Arvid," alisema. "Nilikuwa kwenye gari. Sikuliona."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, taratibu, mara mbili, kama mwamuzi anavyomkubali mwenzake. Kisha akashuka ngazi, akafungua mlango wa nyuma wa gari la polisi kwa mkono wake mwenyewe, akaingia.